Tarishi Asiyezima Injini

Ruwa Matano alikuwa tarishi wa kampuni moja ya kupakua meli pale Kilindini, miaka ile ya themanini ambapo simu ilikuwa kitu cha ofisi na cha nyumba za watu wachache. Makuli wa kampuni walikaa bara: wengine Likoni, wengine Changamwe na Magongo, wengine Kisauni hadi Frere Town. Meli ikiingia kabla ya siku yake, au genge likipungukiwa watu, karani alimwita Ruwa akamtajia majina, na Ruwa akapanda pikipiki nyekundu ya kampuni akaenda kuwatoa watu majumbani mwao.

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi yake. Nusu ya pili hakuna aliyemwambia siku anaajiriwa. Kuli akiumia melini, ni Ruwa aliyetumwa kwenda kuwaarifu watu wake.

Mara ya kwanza alitumwa Magongo. Aliizima pikipiki, akapiga hodi, akakaribishwa, akaketi, akasema aliyoambiwa aseme: mwenzetu ameangukiwa na mbao, yuko hospitali. Kaka wa yule mtu akasimama akamtandika kofi. Hakuwa na la kumlaumu. Ni kwamba Ruwa ndiye aliyekuwa mbele yake. Watu waliingilia kati, kaka akaomba radhi machozi yakimtoka, na Ruwa akasema yamekwisha. Lakini tangu siku ile hakuizima tena injini mlangoni pa mtu.

Akajifundisha namna yake. Alisimama nje ya ua, mguu mmoja chini, mkono kwenye klachi, injini ikinguruma taratibu chini yake. Akatoa sauti: "Hodi hapa. Mnatakiwa hospitali kuu, muulizieni fulani." Kabla mwenye nyumba hajafunga leso vizuri kutoka aulize kuna nini, Ruwa alikuwa ameshakata kona, vumbi tu limebaki. Hata akiwa na habari za heri alifanya hivyo hivyo. Kisauni walimwita Bwana Moto.

Nyumbani kwake Mtongwe hakuwa tofauti. Alikula amesimama mlangoni, sahani mkononi. Mkewe, Mwanatatu, akimwambia aketi, aliketi, na mara goti lilianza kucheza mpaka mkeka wote ukatikisika.

"Bwana, kuna anayekufukuza?"

"Hakuna, bibi. Nimezoea tu."

Mwaka wa themanini na saba, masika yakiishia, ile pikipiki ilianza kumbadilikia. Barabarani ilikwenda vizuri tu. Ukikaza mkono wa mafuta ilivuta kama kawaida, hata kwenye mlima wa Makupa kuelekea Changamwe. Shida ilikuwa kusimama. Akiachia mafuta, injini ilitetemeka, ikakohoa mara mbili tatu, ikazima. Asubuhi, ikiwa baridi, ilikubali kunguruma maadamu amevuta choki. Akirudisha choki tu, kimya. Feri ya Likoni ilipofika ng'ambo na magari yakaanza kutoka, yeye alikuwa bado anapiga kiki, madereva nyuma yake wakipiga honi, mwishowe akaisukuma mpaka juu kwa mikono, jasho likimtiririka kabla ya saa moja.

Alianza na plagi, kwa kuwa ndiyo rahisi. Aliitoa akaikuta nyeupe, kavu, kama iliyookwa. Akatia mpya. Haikusaidia. Akafungua chujio la hewa, akalikung'uta mchanga, akaliosha, akalirudisha. Haikusaidia. Akashuku petroli imechanganywa na mafuta ya taa, akamwaga tangi lote akajaza kwingine. Vilevile. Basi akachukua bisibisi akaikaza ile skrubu ya ubavuni mwa kabureta inayopandisha mwendo wa injini, akaipandisha mpaka pikipiki ikapiga kelele kama mashine ya kusaga. Hapo haikuzima. Alijiona mshindi. Lakini ilikuwa inanguruma kwa fujo, gia ikiingia kwa kishindo, na jua likipanda na injini ikichemka, ilirudia ugonjwa wake hata kwa kelele zote zile.

Mchana mmoja ilimzimikia Magongo, mlangoni pa kuli aliyekwenda kumwita kwa zamu ya jioni. Ilikuwa habari ya heri, kazi imepatikana, na mwenye nyumba akafurahi kumwona Bwana Moto amekwama.

"Leo ni wetu wewe," alisema. "Ingia unywe chai."

Ruwa alikunywa chai amesimama, jicho kwenye pikipiki. Kikombe kilimuunguza mdomo, akakimaliza hivyo hivyo. Wenyeji walimwuliza habari za nyumbani, akajibu "njema, njema" kabla hawajamaliza kuuliza. Injini ilipopoa ikawaka, akashukuru akiwa tayari anaondoka.

Alimwambia karani kwamba pikipiki inataka fundi. Karani akasema wiki ijayo, kwani meli zimejaa. Na wiki hiyo hiyo, asubuhi ya saa tatu, kamba ya winchi ilikatika ndani ya meli ya mchele na furushi la magunia likamwangukia kuli mmoja wa Kisauni, Gona Kazungu.

Ruwa alikuwa gatini. Aliwaona wakimtoa. Aliona Mutua, mnyapara wa genge lake, amemshika kichwa, na aliona walivyomlaza chini na walivyomfunika turubai hata uso. Karani alimjia mbio, shati limemtoka nje ya suruali.

"Nenda kwake. Waambie waende hospitali."

"Hospitali kufanya nini?" Ruwa aliuliza.

"Waambie waende hospitali," karani alisema tena, bila kumtazama.

Akavuka daraja la Nyali akili haimo barabarani. Njia nzima alilirudia lile neno moja, hospitali, hospitali, kama mtu anayeogopa kulisahau. Nyumba ya Gona ilikuwa ya udongo, ikiwa na ua wa miti, nyuma kidogo ya barabara ya Malindi. Kafedha, mkewe Gona, alikuwa ameketi uani akisuka makuti. Kando yake mama mkwe wake, Nyamvula, akichambua mboga.

Ruwa alisimama penye lango la ua, mguu mmoja chini.

"Hodi hapa. Mnatakiwa hospitali kuu, muulizieni Gona Kazungu. Mwende sasa hivi."

Akaachia mafuta aweke gia. Pikipiki ikakohoa, ikazima.

Alipiga kiki. Akapiga tena. Akavuta choki, akapiga mfululizo, kwa guu zima, mpaka harufu ya petroli ikajaa na matone yakaanza kudondoka mchangani kutoka kwenye kabureta. Alijua ameizamisha mafuta, na kwamba sasa haitawaka mpaka plagi ikauke, lakini mguu haukukubali kuacha. Kafedha alikuwa amekuja kusimama karibu naye, ukuti mmoja bado mkononi.

"Shemeji, ameumia wapi?"

"Sijui vizuri. Mtaambiwa huko." Akapiga kiki.

"Ameumia sana?"

Akapiga kiki.

Nyamvula alitoka na kigoda na kikombe cha maji. Alisema naye Kigiriama, na Ruwa, Mdigo, akamwelewa bila taabu.

"Keti kwanza, mwanangu. Hiyo mashine imechoka na wewe umechoka. Utajivunja mguu."

Hapo ndipo Ruwa alipotambua kwamba amefika kwenye ua wa mtu mzima huyu, amepiga makelele, na hata hajamwamkia. Akashuka. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kunywa maji."

Akaketi kwenye kile kigoda. Maji aliyashika tu. Kafedha alichuchumaa mbele yake ili wawe sawasawa, akamtazama.

"Umetoka bandarini sasa?"

"Ndiyo."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona."

"Alikuwa anasema?"

"Hapana."

Kafedha akauweka ule ukuti chini. Kisha akauliza polepole, kama anayeuliza jambo dogo, "Alikuwa anapumua?"

Ruwa aliyatazama matone ya petroli yakidondoka. Lile neno hospitali lilikuwa bado mdomoni mwake, akashindwa kulitoa.

"Hapana, shemeji. Gona amefariki. Kamba ilikatika, magunia yakamwangukia. Walipomtoa alikuwa ameshakwenda."

Alingoja kofi. Hakupigwa. Kafedha alirudi kwenye makuti yake, akaketi, akasuka mshono mmoja, na wa pili, mikono ikienda yenyewe. Wa tatu ukamshinda. Nyamvula ndiye aliyeanza kulia, kwa sauti ya chini iliyopanda kidogo kidogo, na majirani wakaanza kutokeza penye ua. Ruwa alibaki pale pale kwenye kigoda, goti likicheza, akilikandamiza kwa mkono.

"Nani alikuwa naye?" Kafedha aliuliza baadaye, wanawake wameshamzunguka.

"Mutua, mnyapara wao. Ndiye aliyemtoa."

"Alisema neno lolote kabla?"

"Wallahi sijui. Mutua ndiye angejua."

"Basi nataka kumwona huyo Mutua."

"Nitamleta, inshallah."

Mmoja wa majirani akasema ndugu yake Gona yuko kwenye machimbo ya mawe, na hakuna wa kumwita. Ruwa alikuwa ameshasimama kabla hajamaliza kusema. Alikwenda kwa miguu, nusu akitembea nusu akikimbia, akamleta. Akarudi tena barabarani kutafuta gari la kuwapeleka. Akachota maji mferejini, debe baada ya debe, mpaka mwanamke mmoja akamwambia pipa limejaa. Alasiri, watu walipokwisha kuondoka kwenda hospitali, aliitoa plagi, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. Ikawaka kiki ya kwanza. Akaondoka kwa kelele, kwani ilibidi aishikie mafuta njia nzima.

Ijumaa ilikuwa mapumziko yake. Alirudi na pikipiki nyumbani, akatandika gunia barazani na kuanza kuifungua kabureta. Mwanatatu alistaajabu kumwona mumewe ameketi chini tangu asubuhi. Alimletea chai akaiweka karibu.

Kazi hiyo Ruwa alikuwa ameiona kwa mafundi, hakuwahi kuifanya. Alifunga koki ya mafuta, akalegeza vibano, akaitoa kabureta nzima, ndogo kuliko ngumi. Kikombe chake cha chini alikifungua juu ya sahani ili kisidondoshe kitu. Ndani, chini ya boya, palikuwa na petroli ya rangi ya chai na mashapo mekundu: kutu ya tangi. Masika yote pikipiki ilikuwa imelala nje bila kifuniko, na maji yalikuwa yameingia.

"Tazama," alimwambia mkewe. "Imekuwa ikinywa matope."

Kulikuwa na vijiskrubu viwili vya shaba vilivyotobolewa katikati, kimoja kikubwa, kimoja kidogo. Kile kikubwa huilisha injini ikiwa inakimbia. Kile kidogo, chenye tundu jembamba kuliko la sindano, huilisha ikiwa imesimama. Akakifungua kidogo kwa uangalifu, akakiinua juani, akatia jicho. Giza. Akajaribu kukipuliza kwa mdomo, hewa haikupita. Mwanatatu alitaka kumpa uzi wa waya, akakataa, kwa kuwa aliwahi kumsikia fundi akisema waya hupanua tundu na tundu likipanuka basi. Akakiloweka kwenye petroli safi, akangoja. Kungoja huku ndiko kulikomtaabisha. Alizunguka nyumba. Alirekebisha bawaba ya mlango. Alirudi, akapuliza, akakiloweka tena. Adhuhuri alikwenda msikitini, aliporudi akapuliza kwa nguvu mpaka mashavu yakamuuma, na kitu kikaruka upande wa pili kama punje ya mchanga. Akainua juani. Safari hii aliona nukta ya mwanga.

Akasafisha tangi kwa kulitikisa na kokoto na petroli, akarudisha kila kitu mahali pake, akaipiga kiki. Ikawaka. Akarudisha choki, na injini ikaendelea. Mwanatatu akatabasamu. Ruwa akashusha ile skrubu ya ubavuni, kidogo kidogo, mpaka mngurumo ukawa wa taratibu kama zamani.

Walikaa wakiisikiliza. Injini ilipopata moto, sauti ikaanza kuyumba, ikakohoa, ikazima.

Ruwa aliitupa bisibisi uani. Akasimama, akaenda mpaka barabarani, akarudi. Mwanatatu alikuwa ameiokota bisibisi ameiweka juu ya gunia.

"Asubuhi ilikuwa inazima ikiwa baridi," alisema. "Sasa inazima ikiwa moto. Si ugonjwa ule ule."

Ruwa alifikiri. Kweli, si ule ule, au yalikuwa magonjwa mawili na wameutoa mmoja. Inayozima kwa baridi imenyimwa mafuta. Inayozima kwa moto tu, labda kuna kitu kinafunguka kwa moto na kuingiza hewa. Akaiwasha tena, akamwomba mkewe aishikie mafuta kidogo isizime, yeye mwenyewe akatia sabuni kwenye kikombe cha maji, akawa anadondosha tone moja moja kuizunguka kabureta: juu, ubavuni, penye vibano.

"Hapo," Mwanatatu alisema.

"Wapi?"

"Rudia. Hapo chini. Umeweka maji, sauti imebadilika."

Alirudia. Kabureta na injini viliungwa kwa kipande kinene cha mpira. Chini yake, mahali ambapo jicho halifiki bila kulala chali, tone la maji lilifyonzwa ndani, na injini ikatulia kwa pumzi moja, kisha ikarudia kuyumba. Ruwa akalala chali. Mpira ulikuwa na ufa. Ukiwa baridi ulijifumba. Ukipata moto ulifunguka ukaingiza hewa, na mafuta yakawa hayatoshi.

Jumamosi alikwenda kwa mafundi wa Changamwe, akapata mpira wa pikipiki nyingine iliyokufa, mzima, akaufunga. Injini ikakaa. Aliiacha ikinguruma mpaka moshi wake ukawachosha mafundi.

Jumapili alimchukua Mutua nyuma yake wakaenda Kisauni. Mutua, Mkamba mrefu aliyekuwa amekaa pwani miaka mingi na bado akisema Kiswahili cha kwao, hakutaka kwenda. Alisema hajui atasema nini.

"Atakuuliza," Ruwa alimwambia. "Wewe jibu tu."

Matanga yalikuwa yangalipo, watu wamejaa uani. Kafedha aliwaketisha pembeni, pamoja na Nyamvula. Akamwuliza Mutua lile alilokuwa nalo tangu siku ile: Gona alisema nini mwisho.

Mutua alifikicha mikono. "Mimi nilisema, 'Leteni magunia hii hapa.' Gona akacheka. Akaniambia, 'Haya, Mutua. Magunia haya.' Mimi nikacheka pia. Halafu kamba."

Kafedha alimtazama kwa muda. Kisha uso wake ukalegea. "Alikuwa hivyo," alisema. "Alimsahihisha hata mhubiri, kanisani, watu wanasikia."

Nyamvula naye akacheka huku akijifuta macho, akaanza kueleza jinsi Gona alivyokuwa mbishi tangu mdogo. Mutua akaeleza mengine, ya melini, na wakawa wanaulizana na kujibizana. Ruwa hakuweza kukaa muda wote huo. Alikwenda kupasua kuni pamoja na wanaume. Lakini hakuondoka mpaka Mutua aliposema yuko tayari.

Jumatatu alikwenda kwa karani. Alisema kwamba tangu sasa, mtu akiumia, yeye hataenda peke yake. Ataenda na mtu aliyekuwa pale. Karani akasema huo ni upotevu wa saa za kazi, mnyapara hawezi kuacha genge. Ruwa akasema basi karani mwenyewe apande nyuma. Walibishana mpaka Mutua akaingia, kofia mkononi, akasema yeye atakwenda, na kama ni saa za kazi wamkate. Karani akainama kwenye makaratasi yake, na kwa kuwa hakusema hapana, ikawa ndivyo.

Safari iliyofuata ilikuwa Likoni, kwa kuli aitwaye Rama, aliyevunjika mguu. Dhahabu, mkewe, alipoiona pikipiki nyekundu ina watu wawili, alikaa kizingitini kabla hawajamfikia. Mutua alianza kusema, akageuka.

"Zima hiyo, ninasema na mtu."

Ruwa akaizima. Mutua akachuchumaa. Dhahabu akauliza yale yale ambayo Kafedha aliuliza, karibu kwa maneno hayo hayo.

"Anapumua," Mutua alisema. "Anapumua na anatutukana wote. Mguu ndio umevunjika."

Dhahabu aliegemea mlango, akacheka, kisha akalia, kisha akaanza kutafuta viatu na asivione, navyo viko pale pale mbele yake. Ruwa, aliyekuwa akizunguka pikipiki akibonyeza magurudumu yasiyo na shida yoyote, akauliza kama kuna mtu wa kuitwa.

"Mama yake," Dhahabu alisema. "Yuko Mtongwe, karibu na msikiti. Ana moyo mwepesi, umwambie taratibu."

"Nitamwamkia kwanza," Ruwa alisema, na mguu wake ulikuwa tayari uko kwenye kiki.